Mwalimu, Nipimie Hiyo Faida

Mama yule hakunitazama usoni wakati ananiuliza. Alikuwa anajaza viazi kwenye sado, ile ndoo ndogo ya kupimia, vidogo chini, vikubwa juu, kama wanavyopanga wote pale sokoni Mwanjelwa, Mbeya, nami nimesimama kando ya meza yake, begi la vitabu begani, viatu vimeshiba tope la Machi.

"Mwalimu," akasema, "huyu kijana wangu Jumamosi ndiye nguvu yangu. Mzigo ukishuka, yeye yupo. Asipokuwepo nalipa kibarua. Sasa huko maktaba kwenye hicho kikundi chenu cha kusoma anapata nini? Nipimie."

Mimi si mwalimu. Natunza hesabu za duka la pembejeo. Lakini hapa kwetu ukionekana tu umeshika kitabu mbele ya vijana watatu, umeshakuwa mwalimu, na kukataa ni kujitafutia maelezo marefu.

Basi nikampimia. Nikamwambia vijana wanaosoma pamoja msamiati wao unakua. Nikataja ufaulu. Nikataja kujiamini. Nikataja makundi mabaya na simu, maana mzazi yeyote ukimtajia simu anatikisa kichwa kukubali.

Hakutikisa kichwa.

"Haya, mwalimu," akasema, kwa ile sauti anayopewa mteja aliyesema ngoja nizunguke kwanza, nitarudi.

## Lumbesa

Kwenye daladala ya Uyole nilikuwa nimenuna, na nilijua ninayemnunia ni mimi mwenyewe.

Yale niliyomwambia yalikuwa lumbesa. Mnaijua: gunia limejaa hadi mdomo haufungi, bado linavishwa kilemba cha kamba na kuongezewa kichuguu juu, ili mwenye lori aondoke na gunia moja na nusu kwa bei ya gunia moja. Kila msimu Wakala wa Vipimo wanatangaza kuwa ni marufuku, na kila msimu tunayaona barabarani yakiinama. Mama yule anaijua lumbesa kuliko mimi. Ameipokea kutoka kwa wakulima wa Isyonje, na pengine kuna siku alikuwa yeye ndiye mkulima. Nilipomrundikia ufaulu juu ya kujiamini juu ya maadili, aliona kichuguu mara moja.

Kibaya zaidi, ule ufaulu nilimtajia ilhali najua.

Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka Januari, wawili kati ya waliosoma nasi mwaka uliopita walifanya vibaya. Siyo vibaya kidogo. Na mmoja wao ndiye aliyekuwa hakosi hata Jumamosi moja, anafika kabla yangu, ananisubiri ngazini na kofia yake ya sufi. Kama kikundi kingekuwa dawa ya mtihani, yeye alikunywa chupa nzima.

Kwa hiyo kwa wiki kadhaa lile neno, nipimie, lilikaa nami. Nikiwa kazini najumlisha mifuko ya mbolea, nalisikia. Tunapata nini pale, hasa? Mimi mwenyewe napata nini?

## Nakala tatu

Tulikuwa tunakutana Jumamosi saa nne asubuhi, kwenye chumba cha nyuma cha maktaba, kule yanakofungwa magazeti ya zamani kwa kamba ya katani. Siku nzuri tunafika kumi na wanne, siku ya mvua ya kweli watano. Wengine wako kidato cha pili na cha tatu, lakini moyo wa kikundi ni wale waliomaliza kidato cha nne Novemba na wanasubiri. Mnaijua hiyo miezi. Mtihani umeisha, kidato cha tano ni Julai kwa atakayechaguliwa, na katikati hapo kijana si mwanafunzi wala si mtu mzima. Nyumbani anatumwa kama mtoto na kusemwa kama mtu mzima.

Wengi wao walikuwa wateja wa maktaba tangu zamani, ila si kwa vitabu vya maktaba. Walikuwa wanakuja na madesa yao, yaani notisi za mtihani, ndani ya begi, wanafuata meza, mwanga na ukimya, wanapiga msuli mpaka jioni, wanaondoka. Vitabu vimesimama kwenye rafu vinawatazama, kama ndugu wasiofahamiana waliokutana msibani.

(Kwa wanaopenda mambo haya: nenda kwenye rafu ya fasihi, tafuta namba 896.392. Hapo ndipo fasihi ya Kiswahili ilipopangiwa kulala katika ule mfumo wa kupanga vitabu maktabani ulioanzishwa na Melvil Dewey mwaka 1876. Ulaya imegawiwa 820 mpaka 880, lugha zake kubwa kadhaa kila moja na nyumba yake. Lugha nyingi za bara letu zimebanwa kwenye 896, na tofauti zetu zinaanzia baada ya nukta. Nilipowaonyesha vijana, mmoja akasema, "Kumbe hata humu tunakaa chumba cha kupanga.")

Mwanzoni nilikuwa na picha kichwani, nadhani niliitoa mtandaoni: kila mtu ana kitabu chake, anasoma nyumbani kimya, halafu tunakutana kuzungumza kwa ustaarabu huku tukinywa chai. Riwaya tuliyoitaka, ya Kiswahili, yenye binti, posa na mzee mgumu, ilikuwa na nakala tatu.

Watu kumi na wanne, nakala tatu.

Ndiyo maana tulianza kusoma kwa sauti, kwa zamu. Mkutubi, mama mtu mzima ambaye ukimkosea shikamoo siku yako imeharibika, alikuja mara mbili kutukumbusha kuwa hapa ni maktaba. Mara ya tatu akafunga mlango wa chumba kwa nje, taratibu, akaturuhusu hivyo bila kusema ameturuhusu.

Na hapo ndipo nilipoona kitu ambacho kusoma kimya kungenificha. Kiswahili kina ukarimu wenye hatari: ukishapita ba be bi bo bu, unaweza kusoma chochote kwa sauti nzuri bila neno hata moja kuingia. Kijana anateremka ukurasa mzima kama bajaji isiyo na breki mteremko wa kwenda Mafiati. Anafika chini. Anayemsikiliza anauliza, "Samahani, aliyeondoka ni nani, baba au mjomba?" Msomaji anatazama kitabu. Hajui. Aliyeshika nakala ya pili hajui. Mimi, na nasema hili kwa aibu, sijui.

Tunarudi juu.

Mara hii anasoma polepole, na wote kumi na mmoja wasio na kitabu wameinama mbele kumtafuta huyo mjomba.

## Mahari

Kuna jambo nililiharibu mwenyewe.

Binti mmoja wa kidato cha tatu, mpole, alikuwa anasoma. Sentensi inasema mtu alifika mahali pale jioni. Akasoma: alifika mahari pale jioni. Nusu ya jiji hili tunachanganya ra na la. Wengi tumekua na lugha ya nyumbani isiyo na ra, na shuleni tumechapwa kwa ajili yake, hadi mtu anajitahidi kuitamka ra vizuri mpaka anaiweka isipotakiwa. Nilijua hayo yote. Bado nikamkatiza: "Mahali. La, siyo ra."

Nilisema kwa upole, nadhani.

Kijana mmoja nyuma akauliza, "Ng'ombe wangapi?"

Chumba kikapasuka kwa kicheko. Binti akamaliza ukurasa wake, akapitisha kitabu, akakaa mpaka mwisho, hata viti akasaidia kupanga. Jumamosi iliyofuata hakuja. Wala iliyofuata.

Nikajiambia ni mvua. Nikajiambia ni mitihani ya nusu muhula. Wiki ya tatu rafiki yake akanifuata wakati nafunga begi. "Dada, samahani. Siyo kwamba anaumwa."

"Ni yule kaka aliyemtania?"

Akatazama chini. "Dada, na wewe ulicheka."

Nilicheka. Sikumbuki nikicheka, lakini nikilirudisha tukio kichwani naisikia sauti yangu humo ndani.

Nikamwandikia ujumbe kwa simu ya mama yake, nikaufuta. Nikaandika tena, nikaufuta. Mwisho nikatuma salamu kwa mdomo, kupitia rafiki yake: mwambie dada anaomba radhi, na kitabu hatujakimaliza. Jumamosi hiyohiyo tukatunga kanuni, na haikutoka kwangu. Aliyeitoa ni mtoto wa mama wa viazi, ambaye huwa haongei sana: "Anayesoma ndiye dereva. Abiria hashiki usukani." Yaani hakuna kumsahihisha msomaji mpaka aombe mwenyewe. Akitaka kupumzika anasema pita, kitabu kinapita, na hakuna anayemuuliza kwa nini.

Rafiki yangu mmoja anayefundisha sekondari hakuipenda kabisa. Aliniambia nawaachia vijana waende kwenye chumba cha mtihani na mahari yao. Sina jibu kamili. Makosa mengine kweli yamebaki. Lakini siku hizi baadhi yao wakimaliza ukurasa wanauliza wenyewe, "Nimekosea wapi?" na wanaandika. Baadhi. Wengine hawaulizi, na sitadanganya kuwa ninajua kinachowapata.

Binti alirudi baada ya wiki nne. Akakaa karibu na mlango, na hakusoma. Ilitokea kuwa siku hiyo tumefika sura ya posa, wazee wamekaa, wanahesabu ng'ombe, na vijana wetu wa kiume wamechachamaa kama wao ndio washenga: sita ni wengi, wanne ni dharau, Rungwe ni hivi, Mbozi ni vile. Yule wa "ng'ombe wangapi" ndiye aliyekuwa anapiga kelele kuliko wote.

Kutoka mlangoni binti akauliza, "Na yeye yuko wapi wakati wanahesabu?"

Wakafungua kitabu kutafuta. Mwandishi hakusema.

"Yuko jikoni," akasema binti. "Anasikia."

Ilichukua muda kabla ya mtu kusoma tena.

## Kama muvi

Vijana ndio waliotaka tusome Kiingereza pia. Walikuwa na hoja: mtihani karibu wote, ukiacha Kiswahili chenyewe, ni Kiingereza. Tukapata hadithi fupi, tukaanza, na Jumamosi mbili za mwanzo zilikuwa kama kusikiliza kesi mahakamani. Kila mtu anapima neno kabla ya kulitoa.

Isipokuwa kijana wa viazi. Huyo anasoma Kiingereza kama mtangazaji wa taarifa ya habari. Koo limefunguka, anapumzika kwenye mkato, anashusha sauti kwenye nukta. Nilijivuna. Nikawaza, hiki ndicho kipimo, huyu nikimpeleka sokoni akamsomee mama yake ukurasa mmoja tu, mjadala umekwisha.

Alipomaliza nikamuuliza kimetokea nini.

Akanyamaza. Akageuza ukurasa, akaurudisha.

"Dada, mimi hapo nimesoma tu."

Nimesoma tu. Nililala nalo neno hilo. Miaka saba ya msingi kwa Kiswahili, halafu mlango unafunguliwa upande wa pili na kila kitu ni Kiingereza, na mtoto hodari anajifunza haraka kwamba anaweza kutoa sauti sahihi na kukariri majibu sahihi na hakuna atakayegundua. Miaka minne alikuwa anasoma tu. Na wala si mvivu. Mvivu asingeweza.

Aliyetuokoa ni kijana mwingine, kwa utani: "Tafsiri basi, kama muvi."

Hawa ni watoto wa simu, lakini hakuna aliyekua huku asiyezijua muvi zilizotafsiriwa, yale mabanda ya video yenye mabenchi, mtu anasema juu ya sauti ya mzungu na kumpa mzungu maneno ambayo hakuyasema. Kijana wa viazi akainuka. Akaanza taratibu, ukurasa uleule, sentensi kwa sentensi, kwa Kiswahili, na sauti za wahusika. Bosi kwenye hadithi akawa bosi wa lori la viazi. Mvua ya London ikawa ya Machi, yenye tope. Tulicheka mpaka mkutubi akachungulia.

Halafu yule binti wa mlangoni akasema, "Hapana. Hajasema amekasirika. Soma tena."

Wakarudi kwenye kitabu. Kuna neno moja pale, dogo, lenye kukaa kati ya kukasirika na kuvunjika moyo. Kijana anashikilia hasira. Binti anashikilia moyo. Wa tatu akaenda kwenye rafu bila kutumwa, akaja na kamusi ya Kiingereza na Kiswahili iliyopoteza jalada, wakaipekua, wakakuta maana nne, wakaanza kubishania ipi kati ya nne. Robo saa nzima juu ya neno moja. Mimi sikuwa na kazi. Nilikaa nimeshika kalamu.

Baadaye, wakati tunatoka na mlima Loleza umeshavaa ukungu, niliwaza kwamba hicho ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho chenye uzito, na kwa mama sikukitaja. Nisingeweza kukitaja. Unamwambiaje mtu mwenye gunia la kushusha kwamba mwanawe leo amekubali mbele za watu kuwa hajaelewa, na hakufa?

Nilikaa kidato kwa kidato bila kusema sentensi hiyo. Niliisema kwa mara ya kwanza kazini, nikiwa na miaka ishirini na sita, na niliisema kwa sababu fedha za watu zilikuwa hazilingani.

## Aliye nacho

Kabla hamjaanza kunipongeza.

Mwaka 1986 mtafiti wa saikolojia aitwaye Keith Stanovich aliandika juu ya jambo ambalo wataalamu wa usomaji huliita athari ya Mathayo, kwa ule mstari wa Injili ambao kila mlokole wa Mbeya anaujua: mwenye kitu ataongezewa, asiye nacho atanyang'anywa hata alicho nacho. Mtoto anayesoma vizuri anapenda kusoma, kwa hiyo anasoma zaidi, kwa hiyo anasoma vizuri zaidi. Anayehangaika anakwepa, na pengo linapanuka kila mwaka bila mtu yeyote kufanya ubaya.

Nilichukua daftari la mahudhurio nikawapanga watu wangu kama ninavyopanga wadaiwa. Kati ya kumi na wanne, kumi na mmoja wanatoka nyumba zenye vitabu: mzazi mwalimu, muuguzi, mchungaji, karani. Waliobaki ni watatu. Watoto wa sokoni ni mmoja.

Ule utafiti mkubwa wa OECD, umoja wa nchi tajiri, uliopima vijana wa miaka kumi na mitano mwaka 2000 unawatia moyo watu kama mimi: watoto wa wazazi wenye kazi za chini waliozama katika kusoma waliwapita watoto wa wazazi wenye kazi za juu wasiojali kusoma. Sisi hatukuwamo kwenye nchi zilizopimwa. Na hata hivyo, swali la mhasibu linabaki: kusoma ndiko kulikowainua, au waliokuwa wanainuka ndio waliosoma? Yule wangu wa kofia ya sufi alisoma. Siwezi kumfuta kwenye daftari ili hesabu ikae sawa.

Lakini nilipokuwa natazama orodha ile, jicho likaenda juu ya ukurasa, nilipoandika kwa mwandiko wangu: Jumamosi, saa 4.

Saa nne asubuhi Jumamosi ndiyo saa ambayo Mwanjelwa inachemka. Ndiyo saa ambayo mabinti wa nyumba nyingi wako na beseni la nguo. Nani aliichagua? Mimi. Kwa sababu mchana nafua, na jioni baridi ya hapa siipendi. Kikundi kizima cha vijana kilipangwa kuzunguka nguo zangu.

Nilidhani mama yule anauliza faida. Kumbe alikuwa anasoma upande wa pili wa daftari, ule ninaopaswa kuujua kuliko yeye: nani analipa.

## Babu na redio ya balozi

Pasaka nilikwenda Rungwe kumsalimu babu. Nikamsimulia, nikitegemea anihurumie. Akauliza, "Mnakaa, mmoja anasoma, wengine mnasikiliza?"

"Ndiyo, babu."

"Halafu mnabishana?"

"Ndiyo."

"Hiyo mbona *Mtu ni Afya*?"

Kama umezaliwa miaka ya karibuni, muulize mzee yeyote. Mwaka 1973 vikundi viliundwa nchi nzima, vijijini mpaka mijini, watu wakikusanyika kila wiki kwa wiki kumi na mbili mbele ya redio. Kipindi kikiisha, anayejua kusoma anafungua kijitabu na kuwasomea wengine, kisha wanajadili: malaria, kuhara, maji, choo. Waliohudhuria walikaribia milioni mbili. Na baada ya kubishana walikwenda kuchimba.

Kwao redio ilikuwa kwa balozi wa nyumba kumi. Babu wakati huo alikuwa kijana mwenye mke, na kusoma hajui. "Tulibishana wiki nzima choo kikae wapi," akasema. "Balozi alitaka kiwe mbali, sisi tukasema usiku chui je?"

Nikamuuliza haikumuuma, kukaa pale wakati wenzake wanasoma.

Akanitazama kama nimeuliza jambo la kitoto. "Mimi nilikuwa nasikiliza. Uliyetaka kujua kijitabu kilisema nini, hukumuuliza aliyesoma. Yeye alikuwa anahangaika na herufi. Uliniuliza mimi."

Miaka yote hii nimekuwa nikiwaonea huruma wale kumi na mmoja wasio na nakala.

## Saa nane

Tulipiga kura. Saa nane mchana ikashinda, na mara moja tukapoteza watatu, wote wa kwaya, maana mazoezi ya kwaya ni Jumamosi mchana na hakuna kikundi cha kusoma Mbeya hii kitakachoshindana na kwaya. Mmoja wao alikuwa na sauti nzuri kuliko zote. Kwa hiyo gharama hatukuifuta, tumeihamisha tu kutoka kwa huyu kwenda kwa yule, na sina hakika kama nina haki. Waliongezeka wanne: wawili wa sokoni, mmoja anayeosha bajaji Kabwe, na dada wa kazi ambaye bosi wake amemruhusu saa mbili kamili, bila nyongeza. Huyo wa mwisho kusoma kwake ni kwa kuvuta silabi. Anasema pita mara nyingi. Wiki iliyopita hakusema.

Wa sokoni wanafika na udongo kwenye kucha. Mkutubi ameweka beseni la maji na kitambaa mlangoni. Hakusema kitu kuhusu hilo pia.

Alhamisi, baada ya kazi, nilikwenda Mwanjelwa. Juni hii, upepo unakata masikio. Nilikuwa nimejiandaa. Safari hii nisiongeze kichuguu, nimwambie mama ukweli: ufaulu sikuahidi, fedha hakuna, mwanao amejifunza kusema sijaelewa, na saa tumebadilisha kwa ajili ya mzigo wako.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Za kazi?" Alikuwa anajaza sado. Vidogo chini, vikubwa juu. Kabla sijafungua mdomo akasema, "Na yule mzee vipi, amekubali wale ng'ombe wanne au amegoma?"

Sikumwelewa. Mzee gani?

"Amegoma," akadakia mama wa nyanya, meza ya pili. "Mimi tangu jana nimesema. Mzee yule wa kugoma."

"Hawezi kugoma, ana shida ya ada."

"Ada ya nani? Yule mdogo si alishaacha shule?"

"Hajaacha! Kijana alisema amesimamishwa. Kuacha na kusimamishwa ni kitu kimoja?"

Nikaelewa. Wakati wanachambua viazi jioni, vilivyooza huku, vizima huku, kijana anawasimulia. Sura kwa sura, na sauti za wahusika, bila shaka. Meza mbili, labda tatu, maana muuza vitunguu naye alikuwa ameacha kufunga mafungu yake, ananisubiri mimi nitoe hukumu.

"Hatujafika hapo, mama," nikasema. "Labda Jumamosi."

"Labda?"

"Jumamosi."

"Na yule binti jikoni, wamwite naye aseme," akasema. "Saa nane sawa, lakini saa kumi na moja awe hapa, kuna mzigo wa Isyonje. Na msiruke kurasa."

Nilinunua sado moja. Alipomimina kwenye mfuko wangu, akachukua viwili vikubwa vya juu, akaniwekea nyongeza.